Paka Wawili na Jozi ya Viatu

Ndugu msomaji, naomba uanze kwa kuitazama picha moja ambayo haimo katika ukurasa huu. Kuna rundo dogo la majivu. Pembeni mwa majivu hayo ipo jozi ya viatu vya mtoto wa kike, vizima kabisa, kana kwamba mwenyewe amevivua ili aende kulala. Paka wawili wameketi huku na huku, wanalia, na machozi yao yamekuwa mengi hata yakafanya kijito. Mtoto mwenyewe haonekani. Alichezea kiberiti wazazi wake walipotoka. Paka wakamwonya kwa kuinua miguu yao ya mbele, asiwasikilize. Na sasa ndiye yale majivu.

Picha hiyo ilichorwa na daktari mmoja wa mji wa Frankfurt, Ujerumani, naye aliiweka katika kitabu alichokiandika kwa ajili ya watoto wenye umri wa miaka mitatu hadi sita. Nasema tena: mitatu hadi sita.

Najua utakalosema, hasa kama wewe ni mzazi. Utasema kwamba mtu aliyechora jambo kama hilo hakuwapenda watoto, na kwamba kitabu cha namna hiyo hakifai kukaribia mkeka wa mtoto. Nami nililisema hilo kwa miaka mingi, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu. Leo nataka nikueleze jinsi nilivyolazimika kulitafakari upya. Na maadamu jambo lenyewe linahusu nyumba yetu, itanibidi nikukaribishe ndani kwanza.

Marehemu baba yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba moja la mkonge, wilayani Korogwe. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa, yule meneja, ambaye alikuwa Mjerumani, alifunga virago pamoja na familia yake. Vitu walivyoona havistahili kulipiwa nauli ya meli waliwagawia watumishi. Baba alipata sufuria mbili, blanketi, saa ya mezani isiyotembea, na chini kabisa ya sanduku, kitabu kipana chembamba. Jalada lake lilikuwa na picha ya mtoto wa kiume amesimama juu ya kibao, nywele zake timtim kama kichaka, na kucha zake zimerefuka kupita vidole vyenyewe.

Hapakuwa na mtu katika laini zetu aliyejua Kijerumani, isipokuwa mzee mmoja aliyepata kusoma shule wakati wa Mdachi, naye kumbukumbu yake ilikuwa imebakiza hesabu ya moja hadi kumi na amri za gwaride. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa na umri wa miaka minane hivi, na umbu langu, aliyekuwa na mitano, tulikisoma kitabu kile kwa macho. Maneno tuliyatia sisi wenyewe.

Yule wa jaladani tulimwita Bwana Kucha. Alikuwamo mtoto mnene aliyekataa kula mchuzi, akawa anakonda kila picha mpaka siku ya nne akawa kama uzi, na katika picha ya mwisho limebaki kaburi lake na bakuli la mchuzi limewekwa juu yake. Huyo alitushangaza kuliko wote. Tulicheka hata tukashika mbavu, kwa maana katika laini za manamba hapakuwa na mtoto aliyepata kuonekana akikataa mchuzi. Alikuwamo pia mwindaji aliyelala, sungura akamnyang'anya bunduki pamoja na miwani, akaivaa miwani, kisha akamlenga mwenyewe. Hapo hatukuhitaji kufafanuliwa. Sungura tulimjua.

Lakini aliyetawala kitabu kizima alikuwa fundi cherehani. Mama ametoka, mtoto ametia kidole gumba mdomoni, mlango unafunguka, na fundi anaingia kwa mruko mmoja, miguu mirefu hewani, mkononi ana mkasi mkubwa kama jembe. Picha inayofuata mtoto hana vidole gumba. Basi. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyekwenda zahanati. Sasa fikiria, msomaji, kwamba katika baraza ya duka letu alikaa fundi cherehani, mtu mpole wa Pangani, mwenye mkasi wake. Kwa muda wa mwaka mzima umbu langu nami tulipita mbele ya baraza ile tumekunja ngumi, vidole gumba ndani. Yule mzee alidhani tuna adabu ya kupita kiasi.

Ule ukurasa wa viatu na majivu ulikuwa mali ya umbu langu. Mimi niliupita mara nyingi bila kuuelewa. Kwangu majivu yalikuwa kilima cha mchanga. Yeye ndiye aliyeniambia sababu ya paka kulia: "Miguu yao ni minne, viatu ni viwili." Tukaucheka kwa fasili hiyo, nao ukawa Ukurasa wa Viatu.

Kitabu kile kikawa biashara. Mtoto wa mpishi hana ng'ombe, lakini mimi nilikuwa na fundi mwenye mkasi. Jioni nilikipeleka dukani, chini ya taa ya karabai, nikawaonyesha wavulana wa laini za juu. Malipo yalikuwa gololi moja kwa kumwona fundi akiruka. Kurasa nyingine gololi moja kwa watu wawili.

Usiku mmoja wa mwaka 1968 mama alikwenda msibani, baba alikuwa bado kazini, nami niliachiwa nimwangalie umbu langu. Sikumwangalia. Nilikuwa dukani. Kibatari kilianguka, mafuta ya taa yakamwagikia khanga aliyojifunga. Jirani aliyesikia mayowe alimzungushia blanketi, lile lile la meneja, na gari la shamba likampeleka hospitali. Mimi nilifika nyumbani nikiwa na gololi kumi na moja mfukoni.

Alikaa wodini miezi mitatu. Akapona, lakini mkono wake wa kushoto ulibaki na kovu kutoka kiganjani hadi shingoni, na vidole viwili havikunjuki sawasawa mpaka leo. Mama mmoja wa jirani alisema kwamba kitabu ndicho kilicholeta mkosi: mtoto wa pichani ameungua, na wetu ameungua. Mama yangu hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo, lakini hakuweza tena kukitazama. Kukichoma hakuthubutu. Alikifunga ndani ya gunia akakitia chini ya sanduku lake la nguo, na tangu siku hiyo hapana aliyekitaja. Mimi nilikuwa na sababu yangu zaidi ya wote ya kutokitaja, na sababu hiyo sikumwambia mtu.

Ndipo utaelewa kwa nini, nilipoanza kufundisha mwaka 1979, nilikuwa mlinzi mkali wa kabati la vitabu. Kila lilipotufikia sanduku la vitabu vya msaada, niliketi nikavipitia kimoja kimoja kabla ya kuviandikia namba. Kitabu chenye picha ya mtoto aliyepatwa na baya lolote, ameliwa, amezama, amepotea, nilikiweka rafu ya juu kabisa na sikukiazima. Rafu za chini nilizipanga vitabu vyenye faida: mtoto ananawa mikono, anashukuriwa, mtoto anamsaidia bibi kuvuka barabara, anashukuriwa. Miaka kama minne baadaye, tulipohesabu mali ya shule, niligundua kwamba vitabu vya rafu za chini vilikuwa vipya kama siku vilipokuja, ilhali vile vya rafu ya juu, ambavyo kwa mujibu wa daftari langu havikupata kuazimwa hata mara moja, vilikuwa vimechakaa, kurasa zimelegea, pembe zimeliwa na vidole. Watoto walikuwa wakipandia kigoda mwalimu anapokwenda kunywa chai. Nilikiondoa kigoda. Nakumbuka nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Nilikuwa mtu mzima hasa nilipolijua jina la kitabu chetu, na kusema kweli nilikuwa nikitafuta ushahidi wa kukilaani. Nilichokipata kilinishangaza.

Daktari yule aliitwa Heinrich Hoffmann, aliyezaliwa mwaka 1809. Krismasi ya mwaka 1844 ilipokaribia alikwenda madukani kumtafutia mwanawe Carl, mwenye umri wa miaka mitatu, kitabu cha picha. Akavikuta vitabu vya kumweleza mtoto kwamba lazima awe mwema, awe msafi, awe mkweli. Vitabu vya rafu zangu za chini, kwa ufupi. Akarudi nyumbani na daftari tupu, akamwambia mkewe kwamba kitabu atakiandika mwenyewe. Akakiandika kwa mashairi mafupi na kukichora. Rafiki zake walimsukuma akichapishe, nacho kikatoka mwaka 1845. Nakala 1,500 za kwanza zilikwisha katika wiki chache. Hapo mwanzo Bwana Kucha alikuwa katika ukurasa wa mwisho; watoto walipompenda kuliko wenziwe, kitabu kikachukua jina lake, Struwwelpeter. Hadithi ya kiberiti iliongezwa mwaka 1846, wakati ambapo viberiti vya kusugua vilikuwa bado kitu kipya majumbani, kama vile koroboi na mafuta ya taa vilivyokuwa hatari ya kila jioni katika nyumba zetu za makuti.

Jambo lililonigusa zaidi ni asili ya michoro yenyewe. Hoffmann aliwatibu watoto, na watoto walimwogopa, kwa sababu wazazi wa mji ule, sawa na wazazi wa miji yetu, waliwatishia watoto wao kwa daktari. Mtoto mgonjwa akianza kupiga kelele na kukataa kushikwa, daktari alitoa karatasi na kalamu, akamchorea mvulana ambaye nywele zake zinaota, kucha zake zinaota, zinazidi kuota, mpaka mvulana mwenyewe hatambulikani. Mtoto akanyamaza kutazama. Naye daktari akaupata mkono akapima mapigo ya moyo. Kwa hiyo yule Bwana Kucha tuliyemcheka Korogwe alizaliwa kando ya vitanda vya watoto waliokuwa na hofu. Baadaye, kuanzia mwaka 1851, Hoffmann aliiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt, na kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini ulimwengu umemkumbuka kwa lile daftari la Krismasi. Tafsiri ya Kiingereza ilitokea mwaka 1848. Mwandishi wa Marekani Mark Twain, alipokuwa akikaa Berlin mwaka 1891, aliwatafsiria binti zake kitabu hicho, na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1935, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki.

Sitaki uondoke ukidhani kwamba kila ukurasa wake nausifu. Umo ukurasa ambao utotoni tuliuona wa ajabu, na sasa nauona vibaya. Mtu mweusi anatembea na mwavuli. Wavulana watatu wa Kizungu wanamdhihaki kwa rangi yake. Jitu moja lenye ndevu linawakamata na kuwachovya ndani ya wino, wanatoka weusi kuliko yeye. Sisi tulishangilia. Tulijiuliza tu kwa nini mwenzetu amepewa mwavuli akanyimwa shati. Nia ya daktari ilikuwa njema, kuwakemea wenye dharau, na kwa mwaka 1845 si wengi waliojisumbua kukemea. Hata hivyo, kumwadhibu mtu kwa kumfanya mweusi ni kukiri kwamba weusi ni adhabu. Ukurasa huo sitamsomea mtoto bila kuzungumza naye.

Lakini nirudi kwenye majivu. Baada ya Hoffmann walifuata wengine. Mwaka 1865, Wilhelm Busch, naye Mjerumani, alitoa kitabu cha wavulana wawili watundu, Max na Moritz, wanaofanya hila saba. Mojawapo ni kuutia baruti mtemba wa mwalimu wao. Kwa kuwa nami ni mwalimu, sioni haya kusema kwamba sikuwaonea huruma sana walipotumbukizwa katika mashine ya kusagia nafaka, wakatoka punje punje, bata wakazidonoa. Na hakuna mtu kijijini aliyesikitika. Mwaka 1907, Hilaire Belloc, ambaye wakati huo alikuwa mbunge katika bunge la Uingereza, alitoa mashairi ya kuwaonya watoto, yakichorwa na rafiki yake Basil Blackwood. Mtoto mmoja anauponyoka mkono wa yaya katika bustani ya wanyama, simba akamla kuanzia miguuni kwenda juu, kwa utaratibu, kama mlaji anayejua adabu za mezani. Sisi ambao simba kwetu si mnyama wa vitabuni tu tungetarajiwa kuchukizwa. Nilipomsomea kijana wangu habari hiyo alicheka mpaka akalala chali.

Huyo Belloc alikuwa akiwadhihaki wale wahubiri wa zamani. Adhabu zake ni kubwa mno kuliko kosa, na ukubwa huo ndio mzaha wenyewe. Baada yake akaja Mmarekani Edward Gorey, aliyefariki mwaka 2000, ambaye nadhani ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Mwaka 1963 alitoa kijitabu chembamba cha alfabeti, kwa wino mweusi, mistari myembamba kama nywele: watoto ishirini na sita, kila mmoja kwa herufi yake, na kila mmoja na kifo chake. Mara nyingi huchora dakika ile iliyo kabla ya msiba. Mtoto yuko dirishani; mtoto ameketi peke yake, dubu wanakuja. Nawe ndiwe unayemaliza.

Nilikaa na kijitabu hicho muda mrefu, kwa sababu ndani yake nilikuta kitu ambacho Hoffmann alikificha. Watoto wa Gorey hawakukosa. Hakuna aliyechezea kiberiti, hakuna aliyekataa mchuzi. Mafunzo yameondolewa yote, kama mtu aondoavyo maganda, na kitabu hakikufa. Watu wangali wakikinunua. Basi ikiwa mafunzo yanaweza kuondolewa na kicheko kikabaki, huenda tangu mwanzo watoto hawakuyafuata mafunzo. Mafunzo yalikuwa ruhusa tu, kitu cha kumtuliza mzazi aliyesimama mlangoni. Mtoto alikuwa akitazama jambo jingine: kwamba mambo makubwa humpata mtu kwa sababu ndogo, au bila sababu yoyote, na kwamba yupo mtu mzima mmoja aliyethubutu kumwambia hivyo bila kumshika bega na bila kubadili sauti.

Sisi watu wazima tunamwambia mtoto kwamba ukiwa mwema utaishi salama. Mtoto haamini. Amekwisha kumwona jirani mwema akizikwa. Akichukua kitabu ambacho mtoto analiwa kwa sababu ya kuachia mkono, anajua mara moja kwamba ni mzaha, maana adhabu haina ulinganifu na kosa. Na hapo hapo anajua kwamba ni kweli, kwa sababu iyo hiyo.

Wala usidhani hili ni jambo la Wazungu peke yao. Bibi yetu mzaa mama alitusimulia habari za punda wa dobi, hadithi kongwe ambayo Edward Steere aliikuta Unguja na kuichapisha mwaka 1870. Punda anashawishiwa kwenda kwa simba. Anashambuliwa, anatoroka na majeraha yake. Kisha anashawishiwa mara ya pili, naye anarudi, na safari hii anauawa. Sungura anamla moyo na masikio kwa siri. Simba akiuliza, anajibiwa kwamba punda yule hakuwa navyo kamwe, kwani angekuwa na moyo na masikio asingerudi. Watoto wote barazani tulicheka, na bibi alicheka kuliko sisi. Hakuna aliyemwambia bibi kwamba anatutisha.

Tofauti ni kwamba hadithi ya bibi iliishi ndani ya sauti yake. Alipochoka ilikwisha, na hatukuweza kuirudisha wala kuizuia. Picha ni kitu kingine. Mtoto anaweza kuikaribia kwa mwendo wake mwenyewe, akafunua ukurasa nusu, akachungulia, akafunga, akarudi kesho. Anaweza kuufunika mkasi wa fundi kwa kiganja na kubaki na miguu tu. Ukubwa wa hofu unapimwa kwa kidole chake. Nadhani ndiyo maana vile vitabu vya rafu ya juu vilikuwa vimechakaa katika kurasa mbili tatu tu, si kote.

Haya yote nilikuwa nimekwisha kuyawaza, na bado kitabu chetu sikutaka kukiona. Kuwaza ni rahisi. Mama alipofariki sanduku lake la nguo lilikwenda kwa umbu langu, Tanga, nami nilinyamaza, nikitumaini kwamba mchwa wamekwisha kufanya kazi yao.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Niliingia uani mchana, nikamkuta ameketi mkekani na mjukuu wake wa miaka saba, na mbele yao kitabu kimefunuliwa. Kimeliwa pembeni, jalada halipo tena, Bwana Kucha amekwenda na mchwa. Lakini majivu yapo. Niliinama haraka, kabla hata ya kusalimu, nikitaka kukifunga.

"Kiache, kaka," aliniambia. "Hapo ndipo penyewe."

Mtoto aliuliza paka wanalia nini. Bibi yake akamjibu bila kufikiri: "Miguu minne, viatu viwili." Mtoto akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaitazama picha kwa makini zaidi, akauliza: "Na mwenye viatu yuko wapi?"

"Ameungua."

"Kama wewe, bibi?"

"Zaidi yangu. Yeye alikwisha wote."

Mtoto aliunyoosha mkono akaushika mkono wa bibi yake pale penye kovu, akaubinya kidogo, kama mtu anayehakikisha. Mimi nilikuwa bado nimesimama na kikapu changu. Ndipo umbu langu akanisimulia jambo ambalo kwa zaidi ya nusu karne hakupata kuniambia, labda kwa kuwa sikupata kumwuliza. Alisema kwamba kule wodini, usiku taa zikizimwa, na maumivu hayamwachi alale, alikuwa akiufikiria Ukurasa wa Viatu. Ndipo alipoelewa kwamba kile kilima ni majivu, na majivu ni mtu. "Nikasema, yule angalau alibakiza viatu. Mimi hata viatu sikuwa navyo. Ningekwisha mimi, paka wangelilia nini? Basi nikaanza kucheka. Nilicheka hata muuguzi akaja mbio akanishika paji la uso, akidhani homa imepanda."

Akacheka tena pale mkekani, akiwa ameuweka mkono wa kushoto kifuani kama afanyavyo siku zote akicheka. Mjukuu wake akacheka kwa kuwa bibi anacheka. Nilikaa chini.

Nikamwambia. Nilimwambia mahali nilipokuwa usiku ule, na nilichokuwa nikifanya, na kwamba kitabu kile kilikuwa mikononi mwangu, chini ya karabai ya duka, ukurasa wa fundi. Nilimwambia habari ya gololi. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno hayo mara nyingi maishani, lakini yalitoka ovyo, na nusu yake nadhani hakuyasikia kwa sababu ya kuku waliokuwa wakigombana uani.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nikiwasikia mkicheka. Nilikuwa nakungoja uniletee fungu langu." Akafunua ukurasa mwingine, akaulainisha kwa kiganja. "Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja."

Alikaa akihesabu, midomo yake ikichezacheza, kama alivyokuwa akihesabu akiwa na miaka mitano. Akasema kwamba ukurasa wa viatu aliuvumbua yeye, kwa hiyo zake ni sita, zangu tano. Mtoto akauliza sita za nini. Bibi yake akamwambia anyamaze kwanza aweke vidole gumba vyake ndani, maana fundi yupo ukurasa unaofuata.